Mafuta ya Njiani

Mwaka 1904 Johannes Hartmann, mtaalamu wa nyota wa Potsdam nchini Ujerumani, alikuwa akiifuatilia Mintaka, mojawapo ya zile nyota tatu za ukanda wa Jabari. Kwa macho ni nyota moja. Kwa vipimo ni jozi ya nyota zinazozungukana, zikikamilisha mzunguko kwa siku zisizotimia 6. Nyota inayozunguka hivyo hutujia kwa siku kadhaa, kisha hutupa mgongo, na mistari myeusi iliyomo katika spektra yake husogea pamoja nayo: upande wa buluu inapokuja, upande wa nyekundu inapoondoka. Hartmann alikuwa mzoefu wa kazi hiyo. Asichokitarajia ni mstari mmoja mwembamba wa kalsiamu uliogoma kusogea. Mingine ilikwenda na kurudi. Huo ulikaa palepale, picha baada ya picha. Kitu kilichomo ndani ya nyota inayozunguka hakiwezi kutulia namna hiyo, kwa hiyo Hartmann akaamua kwamba kalsiamu ile haikuwa mali ya nyota. Ilikuwa njiani, mahali fulani kati ya Mintaka na darubini yake.

Hivyo ndivyo gesi ya kati ya nyota ilivyojulikana, na ikafunguliwa njia ya swali lililokuja kuwashughulisha wahandisi nusu karne baadaye: kama njia ya kwenda kwenye nyota haiko tupu, msafiri atafaidika nayo au itamuua?

Mwaka 1919 Mary Lea Heger, akiwa katika kituo cha darubini cha Lick huko California, alikuta sodiamu nayo imetulia vilevile mbele ya nyota zinazozungukana. Hata hivyo kalsiamu na sodiamu ni chembechembe za viungo tu. Chakula chenyewe ni hidrojeni, na hidrojeni baridi haitoi wala haizuii mwanga wowote ambao jicho linauona. Ilijificha kwa wingi wake.

Kando ya gesi, vumbi la kati ya nyota lilikuwa na historia yake. William Herschel, katika karne ya 18, aliwahi kulenga darubini yake kwenye eneo la Nge na kukuta sehemu isiyo na nyota hata moja. Alidhani ni tundu la mbinguni. Dhana ya matundu ilidumu zaidi ya miaka 100. Mtu aliyekuja kuihangaikia zaidi ni Edward Emerson Barnard, mzaliwa wa Nashville mwaka 1857, yatima wa baba, aliyeanza kazi katika studio ya picha akiwa na miaka 9. Labda ndiyo sababu alikuja kuwa mpiga picha wa anga asiye na mfano. Alitumia miaka mingi kupiga picha zilizoachwa wazi kwa saa nyingi, na kila alipoangalia sahani zake aliyaona yale madoa meusi yenye kingo, mikia na vidole. Tundu halina umbo la moshi. Lakini Barnard alikuwa mtu wa tahadhari mno. Alijizuia kwa miaka kabla ya kukubali wazi kwamba mengi ya madoa hayo ni mawingu yaliyosimama mbele ya nyota na kuzificha. Orodha yake ya mwaka 1919 ina madoa 182. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amegundua pia nyota hafifu inayohama angani upesi kuliko nyota nyingine yoyote, ikaitwa kwa jina lake: Nyota ya Barnard. Tutakutana nayo tena mbele, kwa sababu wahandisi wa Uingereza walikuja kuichagua kuwa kituo cha safari.

Waliobaki na shaka walinyamazishwa na Robert Trumpler, Mswisi aliyefanya kazi Lick. Mwaka 1930 alichapisha vipimo vya makundi 100 ya nyota. Alikadiria umbali wa kila kundi kwa njia mbili: kwa mng’ao wa nyota zake, na kwa ukubwa wa kundi lenyewe likionekana angani. Majibu mawili hayakulingana. Makundi ya mbali yalikuwa hafifu na mekundu kupita kiasi, na kadiri yalivyokuwa mbali ndivyo hitilafu ilivyozidi. Ilibidi kuchagua moja kati ya mawili: ama makundi yanakuwa makubwa kwa kadiri yalivyo mbali nasi, jambo la ajabu, ama kuna vumbi jembamba limetandaa kote katika bapa la Njia Nyeupe likinyonya mwanga. Trumpler alichagua vumbi. Ramani zote za galaksi zilizochorwa kabla yake ilibidi zichorwe upya, maana wachoraji walikuwa wamejiweka katikati ya ukungu bila kujua wamo ukunguni.

Hidrojeni ilisubiri vita. Mwaka 1944 Uholanzi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Hitler, mtaalamu wa nyota Jan Oort wa Leiden alimwomba kijana Hendrik van de Hulst atafute kama kuna wimbi lolote la redio ambalo gesi ya angani ingeweza kulitoa kwa kipimo kimoja maalumu. Van de Hulst alijibu kwamba atomu ya hidrojeni iliyopoa, elektroni yake inapojigeuza, hutoa wimbi lenye urefu wa sentimita 21. Atomu moja hufanya hivyo yenyewe mara moja katika miaka milioni 10 hivi. Lakini atomu zilizoko huko ni nyingi kiasi kwamba uvivu wa kila moja hauna maana. Machi 1951 Harold Ewen na Edward Purcell walilinasa wimbi hilo Harvard kwa antena ya mbao yenye umbo la pembe iliyotokezwa nje ya dirisha la maabara. Bajeti ilikuwa dola 500. Mvua ikinyesha pembe iliyapeleka maji ndani, na wakati wa baridi wanafunzi waliigeuza shabaha ya kurushia mabonge ya theluji. Waholanzi na Waaustralia walithibitisha matokeo ndani ya miezi michache, na kwa mara ya kwanza binadamu wakawa na namna ya kuihesabu hidrojeni ya galaksi nzima.

Hesabu ilitoka takriban atomu moja kwa kila sentimita ya ujazo, kwa wastani. Hewa tunayoivuta hapa chini ina molekuli bilioni bilioni 25 katika nafasi hiyohiyo. Vumbi ni asilimia 1 hivi ya uzito wa gesi, na punje zake nyingi hazifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Wastani huo wenyewe unadanganya, kwa sababu gesi imejikusanya katika mawingu: kuna mahali pana maelfu ya atomu na mahali pengine atomu moja inamiliki lita nzima.

Sasa tuhamie upande wa pili wa habari hii, kwa watu wa roketi, ambao hadi wakati huo hawakuwa na sababu ya kusoma majarida ya kina Trumpler.

Tatizo lao lilikuwa limeshaandikwa na Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Roketi husonga mbele kwa kutupa kitu nyuma, na kitu hicho lazima ikibebe. Ikitaka kwenda upesi zaidi hubeba zaidi, na mzigo ulioongezeka nao unahitaji mafuta ya kuusukuma. Roketi bora ya kemikali hutoa moshi wake kwa kasi ya kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Jaribu kutumia roketi hiyo kufikia sehemu moja ya kumi ya kasi ya nuru, yaani kilomita 30,000 kwa sekunde. Fomula ya Tsiolkovsky inakujibu kwamba kwa kila kilo ya chombo utahitaji kilo za mafuta ambazo idadi yake ina tarakimu karibu 2,900. Ulimwengu wote unaoonekana hauna atomu nyingi kiasi hicho, wala haukaribii. Nyuklia inapunguza balaa lakini haiifuti. Mtu aliyefahamu hili kwa undani alikuwa Robert Bussard, mwanafizikia wa Los Alamos aliyekuwa ndani ya mradi wa Marekani wa roketi za nyuklia na mwandishi mwenza wa kitabu kuhusu roketi hizo.

Mwaka 1960 Bussard alichapisha makala katika jarida la Astronautica Acta yenye wazo ambalo, ukilisikia, unashangaa kwamba halikuwa limeandikwa zamani. Kwa nini chombo kibebe mafuta ilhali mafuta yametapakaa njiani? Hidrojeni ndiyo inayowaka ndani ya Jua. Weka mbele ya chombo faneli kubwa, kichote hidrojeni kinapopita, kiunganishe viini vyake kuwa heliamu, kisha kitupe nyuma kilichopatikana kwa kasi kubwa zaidi ya ile iliyoingia. Hakuna tangi. Hakuna adhabu ya Tsiolkovsky. Tena, chombo kikienda kasi zaidi kinakutana na gesi nyingi zaidi kila sekunde, kwa hiyo kasi inazaa mafuta na mafuta yanazaa kasi. Kinachohitajika ni roketi ya kawaida ya kukianzisha tu.

Bussard hakuficha ukubwa wa faneli. Hesabu unaweza kuirudia mwenyewe. Chukua chombo cha tani 1,000 kinachotakiwa kuongeza mwendo kwa kiwango kile ambacho Dunia hutuvutia chini, ili abiria wakae kama walivyo nyumbani. Kinahitaji msukumo wa nyutoni milioni 10. Muungano wa viini vya hidrojeni hutoa asilimia 0.7 tu ya nishati iliyomo katika uzito wake. Kwa gesi ya atomu moja kwa sentimita ya ujazo, hata kama hakuna kinachopotea, faneli lazima izoe eneo la kilomita za mraba milioni 10 hivi, yaani mdomo wenye upana unaozidi kilomita 3,500. Ndani ya wingu zito lenye atomu 1,000 kwa sentimita ya ujazo, mdomo unapungua hadi kilomita 110 na kidogo. Faneli ya bati haiwezekani. Carl Sagan, aliyelipokea wazo hilo kwa mikono miwili katika makala yake ya mwaka 1963, alipendekeza sumaku: koili za waya zinazopitisha umeme bila kupoteza kitu, zikijenga mbele ya chombo uga wa sumaku mpana kuliko chombo chenyewe mara nyingi. Sumaku haishiki atomu iliyo kamili, inashika chembe yenye chaji. Basi gesi ingepaswa kuvunjwavunjwa kwanza, pengine kwa mwanga mkali unaotangulia.

Sagan alivutiwa na kilichofuata ukikubali yote hayo. Chombo kinachoongeza mwendo hivyo bila kukoma kinaikaribia kasi ya nuru ndani ya mwaka mmoja hivi, na kutoka hapo saa za abiria zinakwenda polepole ukizilinganisha na za waliobaki nyumbani. Kitovu cha galaksi, ambacho nuru hukifikia kwa zaidi ya miaka 26,000, abiria wangekifikia kwa takriban miaka 20 ya maisha yao. Hakuna chombo kingine kilichowahi kuandikwa na mhandisi mwenye akili timamu kilichoahidi kitu kama hicho.

Riwaya zilifuata haraka. Iliyo bora ni Tau Zero ya Poul Anderson, ya mwaka 1970, na ubora wake unatokana na kwamba Anderson aliitazama gesi kwa pande zote mbili. Chombo chake chenye watu 50 kinapita katika wingu dogo ambalo halikuwemo katika ramani, na mtambo wa kupunguza mwendo unaharibika. Kuutengeneza kunataka kuzima uga wa sumaku. Lakini uga huo ndio unaowakinga abiria: kwa kasi yao, kila atomu ya hidrojeni inayowapiga ni mnururisho wa kuua. Mafuta yao ndiyo risasi zao. Hawawezi kusimama, wala hawawezi kuzima. Nadhani Anderson, kwa riwaya, aliwafundisha wasomaji fizikia ya jambo hili zaidi kuliko makala nyingi za wakati ule.

Wakati kitabu kinasomwa, wazo lilikuwa limeshaanza kuvuja. Tundu la kwanza lilikuwa jikoni kwenyewe, mahali pa kuunganisha viini. Jua linatumia protoni za kawaida, lakini linafanikiwa kwa sababu ni kubwa na halina haraka: protoni moja katika kitovu cha Jua husubiri mabilioni ya miaka kabla ya kuungana na mwenzake. Tanuri la chombo lina sehemu ndogo ya sekunde. Hidrojeni nzito huungana kwa urahisi zaidi, na ndiyo wanayoihangaikia wajenzi wa tanuri za nyuklia hapa duniani, ila katika gesi ya angani inapatikana kwa atomu 15 au 20 tu katika kila milioni. Mwaka 1975 Daniel Whitmire alipendekeza njia ya nyota kubwa: kaboni na nitrojeni ziwe kichocheo, zibebwe ndani ya chombo na kutumika tena na tena bila kuisha. Njia hiyo ni ya kasi zaidi mara nyingi sana. Kulijenga tanuri lenyewe ni habari nyingine.

Tundu la pili lilionwa na mwanafunzi. John Fishback wa MIT, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1969, aliuliza koili zinazojenga uga huo zinashikiliwa na nini. Sumaku yenye nguvu hutanua koili zake kwa kani kubwa mno, na chombo kikizidi kwenda kasi ndivyo uga unavyotakiwa kuwa mkali ili kuzikunja protoni zinazokuja. Hakuna madini yasiyo na kikomo cha kukatika. Kwa hiyo kasi ya chombo inapangiwa mwisho na uimara wa chuma chake, si na gesi. Anthony Martin wa Uingereza aliipitia hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuirekebisha. Nusu karne baadaye, mwaka 2022, Peter Schattschneider wa Vienna na Mmarekani Albert Jackson waliirudia kwa zana za kisasa. Walikuta kwamba Fishback alikuwa sahihi katika msingi: sumaku inaweza kukusanya chembe namna alivyosema. Kisha wakatafuta vipimo vya faneli inayotoa msukumo wa nyutoni milioni 10, ule ule wa chombo cha tani 1,000. Upana ulitoka kilomita 4,000, ambao haukumshtua mtu aliyemsoma Bussard. Urefu wa uga ulitoka kilomita milioni 150. Huo ni umbali wa kutoka hapa hadi Jua.

Tundu la tatu lilikuwa baya kuliko yote, na linaeleweka bila hisabati nzito. Gesi iko palepale. Chombo ndicho kinachokwenda. Ukiikamata atomu na kuiweka ndani ya chombo, lazima kwanza uipe mwendo wa chombo, na mwendo huo unatoka katika chombo chenyewe. Kila atomu inayoingia mdomoni ni breki kabla haijawa mafuta. Je, mafuta yanalipa deni la breki? Nishati ya muungano wa viini ni ile asilimia 0.7. Ukipiga hesabu ya nishati ambayo protoni inaingia nayo, utaona kwamba inalingana na asilimia hiyo chombo kikifikia takriban asilimia 12 ya kasi ya nuru. Juu ya hapo, protoni inagonga mlango ikiwa na nguvu nyingi kuliko inazoweza kuzaa. Anayeisimamisha ndani ya tanuri ili aichome anapoteza zaidi ya anachopata, isipokuwa aweze kuirudishia karibu mwendo wake wote wakati wa kuitupa nyuma. Bussard alidhani hilo linawezekana. Mwaka 1978 T. A. Heppenheimer aliandika wazi katika jarida la chama cha British Interplanetary Society kwamba haliwezekani, tanuri litapoteza nishati nyingi kuliko litakayoizalisha.

Mhandisi Alan Bond wa Uingereza alikuwa ameshajaribu njia ya katikati mwaka 1974: chombo kibebe mafuta yake ya nyuklia, na gesi ya njiani itumike kama kitu cha kutupa nyuma tu, isichomwe. Ni wazo la mtu anayejua kushusha bei. Lakini mradi mkubwa aliouongoza Bond mwenyewe haukulitumia.

Mradi huo ni Daedalus, uliofanywa na wanachama wa British Interplanetary Society kwa kujitolea kati ya mwaka 1973 na 1978. Walisanifu chombo kisicho na abiria cha tani 54,000, ambazo 50,000 kati yake ni mafuta: hidrojeni nzito na heliamu adimu ya kuchotwa katika hewa ya Mshtarii kwa maputo. Kingefika asilimia 12 ya kasi ya nuru na kuipita Nyota ya Barnard, miaka nuru 6 kutoka hapa, baada ya miaka 50. Kuipita, si kufika: hakikuwa na mafuta ya kusimama. Mtu aliyefundisha dunia kuyaona mawingu ya vumbi angeshangaa kuona namna vumbi lilivyowatesa waliotaka kwenda kwenye nyota yenye jina lake. Kwa kasi ya Daedalus, punje ya miligramu moja inapiga kwa nguvu ya zaidi ya kilo 150 za TNT. Kwa hiyo mbele ya chombo waliweka ngao ya berili, bamba la tani 50 hivi lenye unene wa milimita 7, la kulika taratibu njiani. Kwa ajili ya mawe makubwa yaliyotarajiwa karibu na nyota yenyewe, walipanga vyombo vidogo vitangulie kilomita 200 mbele na kutandaza wingu la vumbi lao wenyewe. Jiwe likipita humo lingegeuka mvuke kabla halijafika. Vumbi kukinga vumbi: sijui kama kuna fidia nyingine iliyo ya haki kuliko hiyo.

Katika mradi ule gesi ya angani haikuwa tena mafuta. Ilikuwa mchanga wa kukwangua bati.

Kazi ya tatu ya gesi ilipatikana kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Dana Andrews alikuwa akisanifu chombo kinachochota hidrojeni kwa sumaku ili kulisha injini ya umeme, bila kuiunguza. Alipopiga hesabu pamoja na Robert Zubrin, waliona kwamba sumaku ilikuwa ikisukuma gesi pembeni zaidi ya inavyoikusanya, na breki iliyopatikana ilizidi msukumo wa injini. Wangeweza kuliweka faili kabatini. Wao walisema: kama breki ni nzuri hivi, basi tutengeneze breki. Waliondoa injini, wakabakiza pete kubwa ya waya wenye umeme, wakaiita tanga la sumaku. Chombo kinachokaribia nyota kinawasha pete, gesi inagonga uga usioonekana, na mwendo unapungua bila tone la mafuta. Ugonjwa uliomwua Bussard karatasini ulikuwa dawa ya tatizo la Daedalus.

Hadi hapo kila namba ilikuwa imepimwa kwa mbali. Voyager 1, chombo kilichorushwa Septemba 1977, ndiyo iliyokwenda kutia mkono majini. Kifaa chake cha kupima gesi yenye chaji kilikuwa kimekufa tangu 1980, hivyo ilipovuka mpaka wa upepo wa Jua haikuwa na namna ya kutangaza imevuka. Mlipuko uliotokea kwenye Jua Machi 2012 ulisafiri zaidi ya mwaka mzima, ukaifikia, na kuitikisa gesi iliyoizunguka. Donald Gurnett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa waliusikiliza mtikisiko huo kwa antena za chombo katika Aprili na Mei 2013. Kadiri gesi ilivyo nzito ndivyo sauti inavyopanda. Jibu: elektroni 0.08 kwa sentimita ya ujazo. Walipofuatilia nyuma, walikuta kwamba mpaka ulivukwa tarehe 25 Agosti 2012, kilomita bilioni 18 kutoka kwenye Jua.

Namba hiyo ni habari mbaya kwa Bussard. Jua letu lina makazi ndani ya kiputo kikubwa cha gesi hafifu chenye upana wa miaka nuru 1,000 hivi, kilichopulizwa na nyota zilizolipuka. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria milipuko 15 iliyoanza miaka milioni 14 iliyopita. Jua limeingia humo kwa bahati tu, miaka kama milioni 5 iliyopita. Chukua atomu moja kwa kila sentimita 10 za ujazo, na faneli ya chombo cha tani 1,000 inataka mdomo wa zaidi ya kilomita 11,000, karibu na upana wa Dunia. Tumezaliwa mahali ambapo pampu hazina mafuta.

Kwa wanaoogopa mchanga ni habari njema, na hao ndio walioshika zamu. Aprili 2016, jijini New York, tajiri Yuri Milner akiwa na Stephen Hawking alitangaza dola milioni 100 za utafiti wa Breakthrough Starshot: vyombo vya uzito wa gramu, kila kimoja na tanga jembamba, visukumwe kwa leza kutoka Duniani hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru, vifike kwenye nyota za Alpha Centauri kwa miaka 20 hivi. Injini inabaki nyumbani, kwa hiyo swali la mafuta limekwisha. La vumbi halijaisha. Thiem Hoang, Alexander Lazarian, Blakesley Burkhart na Avi Loeb walilifanyia kazi na kuchapisha mwaka 2017. Kila sentimita ya mraba ya uso wa mbele ingepigwa njiani na mamilioni ya mabilioni ya atomu. Atomu nzito zingeharibu kioo cha kwazi hadi kina cha milimita 0.1 hivi, vumbi lingekula hadi milimita 0.5. Punje inayoweza kukiua chombo kwa pigo moja ingekuwa na ukubwa wa mikromita 15 hivi, na uwezekano wa kukutana nayo ni mdogo kiasi cha kutojadiliwa. Ushauri wao ulikuwa wa fundi: kinga ya grafiti yenye unene wa milimita chache, chombo kiwe chembamba kama sindano, na tanga likishamaliza kazi lisibaki limetazama mbele.

Chombo cha Starshot nacho kisingeweza kusimama. Kingepita Alpha Centauri kwa saa chache na kuendelea gizani. Katika mwaka huohuo wa 2017 Claudius Gros wa Frankfurt alilirudia tanga la sumaku, akiuliza kama gesi hafifu namna ya hii yetu inatosha kushika breki. Jibu lake ni kwamba inatosha, kwa asiye na haraka. Chombo cha tani 1.5 kilichosukumwa hadi sehemu moja ya 300 ya kasi ya nuru kingeweza kusimamishwa na hidrojeni tupu kwenye sayari za nyota TRAPPIST-1, umbali wa miaka nuru 40, bila kubeba mafuta ya kusimamia. Safari ingechukua miaka 12,000.